Gari la watu saba: Sienta, Wish au Noah kwa familia ya Wazo?

Saa 11:30 alfajiri, Tegeta Nyuki tayari imejaa. Wafanyakazi, wafanyabiashara wa Kariakoo na wanafunzi wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao wanagombea mlango mmoja wa daladala. Nauli ya mwanafunzi ni Sh200, na kila konda anajua mtu mzima analipa mara kadhaa ya hiyo. Unaweza kukisia basi likiondoka nani anabaki chini.

Shangazi yangu anaishi Madale, ndani ya kata ya Wazo. Nyumbani kwake wako saba: yeye, mume wake, watoto wanne na bibi. Baada ya miaka mitatu ya kuweka akiba kwenye kikoba, na baada ya mtoto wake wa pili kuchelewa mtihani kwa sababu ya usafiri, akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe si ndiyo mwandishi? Niambie, gari gani ya watu saba itanifaa, isiyonimaliza."

Nilidhani ni swali la dakika kumi. Limenichukua wikiendi tatu, magari matatu ya kuazima na lita nyingi za petroli. Nilichojifunza ni hiki: gari la watu saba likiwa na dereva peke yake, na gari hilo hilo likiwa na watu saba ndani, ni magari mawili tofauti. Karibu sote tunajaribu la kwanza, tunalipia, halafu tunaishi na la pili.

Ukienda yadi utaona. Dalali anakupa funguo, mnazunguka kwenye lami mkiwa wawili, kiyoyozi kinapuliza, redio inaimba. Gari tamu. Hakuna anayekaa siti ya tatu. Hakuna anayepita kwenye korongo.

Nauliza swali hili sasa kwa sababu. Barabara ya Bagamoyo imekuwa kwenye ujenzi wa awamu ya nne ya mwendokasi, na njia za mchepuko zimefanya safari ya asubuhi kuwa bahati nasibu. Mwendokasi utaishia Tegeta. Kutoka hapo kwenda Madale, Mivumoni, Kisanga au Nyakasangwe bado ni bajaji, bodaboda au miguu yako. Watu wamejenga huko kwa kasi, viwanja vimejaa nyumba, na familia nyingi zimegundua kwamba nyumba wanayo ila ya kutokea na kurudia hawana.

Njia niliyoitumia kwa magari yote matatu ilikuwa moja. Tunaanzia Tegeta, tunapanda kilima cha Wazo kando ya kiwanda cha saruji cha Twiga, kile kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, tunafuata lami ya Madale, halafu tunaiacha na kuingia barabara ya udongo hadi getini kwa shangazi. Kipande cha udongo si kirefu. Kina matuta ya kienyeji, vifusi vilivyomwagwa na majirani waliochoka kusubiri, na korongo moja ambalo masika hulichimba upya kila mwaka.

Ndani ya gari tulikuwa saba kamili. Mume wa shangazi alikuwa kazini, mimi nikachukua nafasi yake kwenye usukani.

NOAH: MZEE ANAYEPENDA MZIGO

Noah tuliyoazima kwa jirani ni ile ya zamani, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001. Injini ya lita 2.0 iko chini ya siti za mbele, na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Ukiwa peke yako inarukaruka kama ngoma tupu. Ukijaza watu inatulia, kwa sababu uzito unakaa juu ya tairi zinazosukuma.

Kwenye korongo ilipita bila maneno. Nilikanyaga mafuta kidogo, ikapanda, bibi akaendelea kusimulia habari zake za Korogwe bila hata kushika kiti. Siti ya tatu mtu mzima anakaa na magoti yanapata mahali pa kwenda. Ndiyo maana huko mikoani Noah imekuwa basi kabisa.

Shida yake unaijua. Ndogo kwa umri imeshapita miaka 20. Ukiipata ni namba B au C, imepita mikononi mwa watu watano na mmoja wao aliifanyia biashara. Joto la injini linakupanda mapajani. Na inakunywa.

Nilipiga hesabu ndogo. Tuseme kwenda mjini na kurudi ni kilomita 50 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, yaani kilomita 1,100. Kwa foleni zetu Noah ilinipa kama kilomita 7.5 kwa lita. Wish ilinipa 10, Sienta 12. Weka petroli Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi: Noah Sh440,000 kwa mwezi, Wish Sh330,000, Sienta Sh275,000. Bei halisi EWURA inaitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Wanaokumbuka Agosti 2022, petroli Dar ilipofika Sh3,410, wanajua namba hizi zinaweza kupanda bila kukuomba ruhusa.

Kuna Noah iliyofuata, ya 2001 hadi 2007, nzuri zaidi kwa macho, milango ya kuteleza pande zote. Nyingi zina injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Mafundi watatu niliowauliza Tegeta walijibu kwa kutikisa kichwa kabla sijamaliza swali. Injini hiyo haipendi mafuta machafu, na pampu yake ikichoka utaijua bei yake. Nikaiacha hapo.

WISH: TAMU KWENYE LAMI

Wish ni ya mjomba wangu wa Mbezi, namba D, toleo la kwanza lililotoka 2003 hadi 2009. Lita 1.8, gia nne za otomatiki. Nitasema ukweli wangu: nikiwa peke yangu ndilo gari nililolipenda kuliko yote. Linakaa chini, linakata kona kama gari dogo, halitikiswi na upepo wa malori pale Boko. Ukiwa umezoea Noah unajiona umepandishwa cheo.

Kisha tukaingia saba.

Tuta la kwanza baada ya kuacha lami likakwaruza chini. Si kwa nguvu, lakini ile sauti ya chuma na udongo kila mwenye gari anaijua tumboni. Wish inakaa kama sentimita 15 kutoka ardhini ikiwa tupu. Ukishaweka watu nyuma springi zinalala, na sentimita zilizobaki huzipimi tena kwa rula bali kwa sauti.

Milango yake ni ya kawaida, ya kufungua kwa nje. Kufika siti ya tatu lazima ukunje ya katikati, upitishe mguu, uiname. Watoto waliona ni mchezo. Bibi aliitazama ile nafasi, akanitazama mimi, akaenda kukaa mbele bila kusema kitu. Na siti zote zikiwa zimekaliwa, buti linabaki kama rafu ya vitabu: mabegi mawili ya shule yaliyosimama, basi.

Jambo moja la kuuliza ukitaka Wish hizi za mwanzo: injini yake ya 1ZZ inajulikana kwa kula oili ikichoka. Chomoa kijiti, angalia kiwango, uliza mara ya mwisho iliongezwa lini. Toleo la pili, la 2009 hadi 2017, lina injini nyingine na gia za CVT. Ni bora, ila chini linakaa vile vile.

SIENTA: ILIYOTUSHUSHA

Hii ndiyo ambayo shangazi alishaichagua moyoni. Kila mtu mtaani anaitaja. Sienta ni ndogo, ya kwanza ina urefu wa kama mita 4.1 tu, lakini Toyota walibana siti saba humo. Injini ya 1.5 ni 1NZ, ile ile ya IST na Raum. Fundi yeyote kuanzia Bunju hadi Mbagala ameshaifungua, na vipuri vyake Kariakoo na Ilala huvitafuti siku mbili.

Milango inateleza, sakafu iko chini. Bibi aliingia mwenyewe, akakaa, akafunga mkanda, akasema "hii ndiyo gari". Kwa mwenye mzee nyumbani, hilo peke yake lina thamani. Uani kwa shangazi, ambako ukuta na gari vinatazamana kwa karibu, milango ya kuteleza iliokoa rangi.

Kwenye lami tukiwa saba haikuwa mbaya. Kwenye kilima cha Wazo tulikuwa nyuma ya lori la saruji, na lilipotupa nafasi nikakanyaga. Injini ikapiga kelele nyingi, mwendo ukaongezeka kidogo. CVT ndivyo ilivyo: inapandisha sauti kwanza, nguvu inakuja polepole. Nilizima kiyoyozi tukapata pumzi. Kulipita lori pale na familia ndani sikuthubutu, na nakushauri usithubutu.

Halafu korongo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Sienta inavutwa na tairi za mbele, na sisi tulikuwa tumeweka uzito wote nyuma. Pua ikainuka kidogo, tairi za mbele zikakosa kukanyaga vizuri, zikaanza kuzunguka kwenye kokoto. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Bampa likagusa.

Shangazi akafungua mlango. "Tushuke."

Akashuka na watoto wawili wakubwa, kanga mkononi, wakapanda korongo kwa miguu. Gari likiwa na watu wanne likapita kama halikuwahi kukwama. Tukawasubiri juu. Alipofika hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiri. "Yaani ninunue gari la watu saba, watatu tutembee?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na halihusu Sienta peke yake.

KILO 55

Angalia cheti cha gari kinachokuja nacho kutoka Japani. Kuna uzito wa gari tupu, na kuna uzito wa jumla. Tofauti yake hupatikana kwa kuzidisha idadi ya abiria kwa kilo 55. Watu saba ni kilo 385. Mizigo haimo kwenye hesabu hiyo.

Familia ya shangazi, watu wazima watatu na watoto wanne, inafika kwenye kilo hizo au kuzizidi kabla mtu hajabeba kitu. Ongeza mfuko wa mchele wa kilo 25. Ongeza mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao ukiwa umejaa pamoja na chuma chake unakaribia kilo 30. Ongeza mabegi na ndoo ya dagaa kutoka Kunduchi. Gari lililosanifiwa kwa familia ya Japani kwenda supamaketi kwenye lami laini sasa linapanda Madale.

Watu wana dawa zao. Wanaweka spesa juu ya springi kuinua gari sentimita mbili tatu, wengine wanabadilisha springi za nyuma kabisa. Inasaidia lisikwaruze. Lakini spesa haiongezi nguvu za springi wala breki, na gari lililoinuliwa hovyo linayumba kwenye kona na kula tairi upande mmoja. Ukifanya, fanya kwa fundi anayepima mpangilio wa magurudumu baada ya kazi, siyo yule wa chini ya mwembe anayesema "bosi, imekaa".

Nchi nyingine walilitatua hili kiwandani. Indonesia, Toyota na Daihatsu walitoa Avanza mwaka 2003: siti saba, bei ya familia ya kawaida, sakafu iliyoinuka, nguvu tairi za nyuma hadi walipobadilisha mwaka 2021. India wana Suzuki Ertiga, inayokaa sentimita 18 kutoka ardhini. Ertiga hiyo hiyo, kwa nembo ya Toyota, inauzwa Afrika Kusini kwa jina la Rumion. Zote usukani uko kulia kama kwetu. Hayo ni magari yaliyochorwa na watu wanaojua korongo ni nini.

Sisi soko letu ni mitumba ya Japani. Tunapokea walichomaliza kutumia wenzetu, na kwa bei hiyo ya mtumba Ertiga mpya haishindani. Kwa hiyo tunachagua ndani ya kile kilichopo.

UCHAKAVU UNAVYOKULA AKIBA

Kosa la pili tulilokaribia kulifanya lilikuwa la hesabu. Shangazi alikuwa ameona Wish ya zamani mtandaoni kwa bei ya chini, akadhani ameokoa.

Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari dogo linaloingia Tanzania linalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, na VAT asilimia 18. Juu ya hapo kuna uchakavu: likiwa na miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, likizidi miaka 10 ni asilimia 30. VAT inapigwa mwisho, juu ya vyote hivyo. TRA nao hawafuati risiti yako, wana thamani yao kwenye kikokotoo chao cha mtandaoni.

Chukua mfano. Gari lenye thamani ya Sh8 milioni, umri zaidi ya miaka 10: kodi hizo zinafika kama Sh7.9 milioni, jumla karibu Sh15.9 milioni. Gari lenye thamani ya Sh12 milioni, umri chini ya miaka 8: kodi kama Sh6.6 milioni, jumla Sh18.6 milioni. Tofauti ya Sh4 milioni uliyoiona mtandaoni imeshuka hadi kama Sh2.65 milioni, na gari moja ni jipya zaidi kwa miaka kadhaa. Tozo ndogo ndogo, usajili na wakala wa forodha bado sijaziweka.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda waliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi mlango uko wazi, ila kuna mtu kakaa mlangoni na kikokotoo. Kabla hujamtumia muuzaji hata senti, ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka mwaka na modeli, linganisha miaka mitatu tofauti. Mwaka mmoja tu wa kutengenezwa unaweza kukuvusha mstari.

Kwa aliye tayari na namba, yaani gari lililokwisha sajiliwa hapa, kodi hiyo mtu mwingine ameshailipa. Ndiyo maana Noah na Wish za hapa hapa bado zina wateja. Unanunua uchakavu wenyewe badala ya ushuru wa uchakavu.

MTOTO WA NYUMA KABISA

Kuna kitu kimoja kilinikera kwenye magari yote matatu. Kwenye Noah, mikanda ya siti ya tatu ilikuwa imefukiwa chini ya makava ya siti. Tuliitoa kwa kisu. Kwenye Wish ilikuwepo ila mmoja haukushika. Sienta peke yake ilikuwa kamili.

Askari akikusimamisha pale Tegeta anaangalia mkanda wa dereva na wa abiria wa mbele. Huku nyuma hakuna anayechungulia. Ila tazama siti ya tatu ya Wish: kichwa cha mtoto na kioo cha nyuma viko karibu kiasi cha mkono. Wanaokaa hapo ni wadogo kuliko wote, kwa sababu ndio wanaoenea. Kabla ya kuuliza rimu na redio, kaa siti ya nyuma kabisa, vuta kila mkanda, ufunge, uufungue.

Na wale wanaopanga kubeba watoto wa majirani kwa malipo ili mafuta yajirudishe, wazo naelewa, lakini hiyo sasa ni biashara. Inahitaji leseni ya LATRA na bima ya biashara. Bima ya gari binafsi siku ya ajali itauliza maswali ambayo hutapenda kuyajibu.

Shangazi bado hajanunua. Mawazo yake kwa sasa ni Sienta ya baada ya 2015, yenye umri wa chini ya miaka 8, na fedha kidogo ziwekwe pembeni kuchangia na majirani watatu kujaza lile korongo kwa mawe na kifusi cha maana, maana TARURA wana barabara nyingi kuliko greda. Mume wake anasema bora Noah, mafuta atajua yeye.

Jumamosi tunarudi yadi. Safari hii tunakwenda wote saba, bibi akiwemo, na mfuko wa mchele. Nilipompigia dalali kumwambia tuko wangapi, akacheka, akauliza kama tunapitia harusini. Shangazi akachukua simu, akamjibu kwamba tunapitia Madale.